Damu Niliyokopa kwa Mama Aika

Walisema siwezi. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yangu Elibariki, na alisema akiwa amekalia kiti changu, anakunywa chai yangu ya maziwa, wiki ileile niliyorudi kutoka Muscat.

"Kaaya, hebu nieleze polepole," alisema. "Umekaa Uarabuni miaka yote hiyo. Wenzako wanarudi na lori, wanarudi na mashine ya kusaga. Wewe umerudi na nini?"

"Nimerudi na ujuzi wa kupima damu ya kurithi."

"Damu ya kurithi! Mimi nilidhani watu wanarithi mashamba."

Sebule nzima ikacheka. Akaendelea kunihesabia sababu. Mtu wa diploma hafungui maabara ya namna hiyo, hiyo ni kazi ya madaktari waliosoma mpaka wakapata vipara. Tena siko seli ni ugonjwa wa watu wa Ziwa na wa Pwani, huku kwetu Meru kuna baridi, haufiki. Ningekaa pale Kaloleni nikitazama mlango mpaka mwenye nyumba anionee huruma. Nami nilicheka pamoja nao, nikamwongezea chai.

Vijana wangu, leo nimestaafu. Maabara ile ipo, ina bango, ina foleni asubuhi, na mabinti wa shemeji Elibariki walipimwa palepale kabla ya kufunga ndoa. Nayasema haya mapema ili mjue mnaongea na mtu wa namna gani. Sikupewa kitu na ukoo wala na chama. Nilikuwa na diploma yangu, macho yangu na watu walionikopesha, na hao wakopeshaji ndio hasa ninaotaka kuwaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kila mtu hupokea maagizo mawili ya kutengeneza damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye mawili mazuri tunamwandika AA. Mwenye moja zuri na moja la siko seli ni AS. Huyo ni mbebaji: analima, anacheza mpira, anazeeka, wala hajui kama amebeba kitu. Mwenye yote mawili ya siko seli ni SS, na huyo ndiye anayeumwa. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. SS akioana na AS, ni nusu kwa nusu. SS akioana na AA, watoto wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeumwa. Yashikeni hayo matatu. Mchumba mmoja alikaribia kuachwa kwa sababu yake.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bi Zuwena, Mwomani aliyezaliwa Unguja, mkuu wa chumba chetu cha damu kule Muscat. Kule wachumba kupimwa kabla ya ndoa ni jambo la kawaida kama kununua pete, kwa hiyo damu zilikuja kwa masinia. Siku yangu ya kwanza nilinyakua chupa nikaielekeza moja kwa moja kwenye mashine. Akanishika mkono.

"We mbara, wakimbilia wapi? Itazame kwanza. Damu ina uso. Mtu akiingia kwako humtazami uso?"

Nikaitazama. "Ni nyekundu," nikasema.

"Mashallah! Tumeletewa mtaalamu," akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Alinifundisha kuacha chupa zisimame wima mpaka chembe nyekundu zitulie chini na maji ya damu, yaani plazma, yabaki juu. Ukiona plazma ya njano hafifu, endelea. Ukiiona nyekundu, chembe zimepasuka, mara nyingi kwa sababu wewe ulitikisa chupa kama mtu anayetafuta salio la soda. Chupa ya damu inapinduliwa taratibu, kama unambembeleza mtoto. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kupita mbele ya sinia na kusema ipi ina tatizo kabla mashine haijawashwa. Wenzangu wenye digrii walikuwa wananiita nipite. Ndiyo, najisifu. Mtu akifanya kazi vizuri miaka mingi ana haki ya kujisifu kidogo, na mimi nimestaafu, sina tena mkubwa wa kunikemea.

Njia zenyewe zimebadilika mno. Nilipokuwa kijana hapahapa Arusha, kabla ya kusafiri, tulitumia njia ya kioo: tone la damu, tone la dawa ya kuiondolea hewa, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo, unasubiri, kisha unachungulia kwenye darubini kama chembe zimejikunja mfano wa mundu. Dawa yenyewe ilibidi ichanganywe upya kila asubuhi, ya jana haifai kitu. Kuziba kingo tulitumia rangi ya kucha. Nilinunua chupa nyekundu, nikaisahau mfukoni, mke wangu akaikuta wakati wa kufua.

"Baba Nuru, hii ni ya nani?"

"Ya kazini."

"Ya nani, kazini?"

Ilibidi kesho yake nimpeleke maabara akaone vioo kwa macho yake. Mpaka leo tukimwona dada mwenye kucha nyekundu, ananinong'oneza, "Huyo naye wamemziba hewa isiingie."

Baadaye ikaja njia ya mistari. Kwenye kichupa chembamba cha kioo unatia dawa, unatia damu kidogo, halafu unaweka nyuma yake kadi yenye mistari myeusi. Ukiiona mistari, hakuna siko seli. Mistari ikipotelea kwenye ukungu, ipo. Ni njia rahisi na ya haraka, lakini ina vituko vyake. Kwanza, haitofautishi mbebaji na mgonjwa. Pili, mtoto mchanga itamdanganyia mama yake, kwa sababu damu ya tumboni bado haijamwisha. Tatu, mtu aliyeongezewa damu juzi, unapima damu ya aliyemchangia. Kwa hiyo kabla ya sindano kuna maswali: una umri gani, umeongezewa damu lini, umekula nini. Na hapa kwetu kuna la nne, ambalo Muscat sikufundishwa, nalo ni baridi. Mwezi wa saba dawa ikitoka kwenye friji na kukaa mezani Arusha, haipati joto hata kidogo, na kipimo kinazubaa. Nilikuwa nazitia chupa za dawa kifuani, ndani ya sweta, nakunywa chai nazo, ndipo naanza kazi. Mteja mmoja aliniuliza kama naficha konyagi.

Njia niliyoileta mimi Kaloleni ni ya utepe. Unapasua chembe za damu, unadondosha kidogo kwenye utepe mweupe, unaulaza kwenye maji maalumu, unapitisha umeme. Himoglobini ya kawaida, A, inakwenda mbele. Ya siko seli, S, inabaki nyuma. Ukishaupaka rangi unaona alama zake: AA ana alama moja mbele, SS ana alama moja nyuma, mbebaji ana zote mbili.

Lakini utepe hausemi peke yake. Mbele ya nini? Nyuma ya nani? Kando ya damu ya mteja ni lazima uweke damu unazozijua. Muscat damu za kulinganishia zilikuja kwa ndege, kwenye vichupa, ndani ya barafu. Mimi Kaloleni ndege hiyo ningeipata wapi? Nilijipima, nikajikuta AA, nikajiweka mwenyewe kwenye utepe. Nikabaki sina AS wala SS.

Ndipo nikaamua kukopa.

Jirani yangu pale Kaloleni alikuwa Mama Aika, mjane wa Kichagga aliyekuwa akija kila siku kutoka Moshono kufungua kibanda chake cha kushona sare za shule. Binti yake Aika alizaliwa na siko seli. Nilijua kwa sababu mama mwenyewe aliniambia siku nilipotundika bango: alisema ningekuwa nimefungua miaka mingi nyuma, yeye na marehemu mumewe wangejua kwamba wote ni wabebaji. Aika alikuwa binti wa miaka ya ishirini na kitu, anahudhuria kliniki yake, anatumia dawa zake, anatembea na chupa kubwa ya maji, na ana ulimi mkali kuliko mkasi wa mama yake.

"Mama Aika," nikamwambia, "nimekuja kukopa damu."

Akasimamisha cherehani. "Unaumwa?"

"Hapana. Tone la kidoleni tu. Lako na la Aika, kila ninapoishiwa. Nilinganishe za wateja."

"Na utalipa nini, Kaaya? Damu hailipwi kwa unga."

"Sijui bado. Lakini mimi silali na deni."

Aika akanyoosha kidole palepale. "Chukua, mzee. Wenzangu wanakopesha sukari, mimi nakopesha ugonjwa. Ila nakuonya, riba yangu ni kubwa."

Tangu siku hiyo kila utepe uliotoka kwenye chumba changu ulikuwa na watu watatu wa kudumu: mimi mbele, Aika nyuma, na mama yake kotekote. Nilizigawa damu hizo kwenye vichupa vidogo, nikaziweka kwenye friza bila majina, na wamenipa ruhusa wenyewe ya kuwataja leo. Wachumba wengi wa mji huu wamefunga ndoa baada ya kulinganishwa na mama na binti wa Moshono, wala hawawajui.

Tatizo lililobaki lilikuwa umeme. Ukikatika katikati ya kazi, alama zinatawanyika kama uji uliomwagika. Nikamwita fundi wa sola kutoka Kisongo, kijana wa Kiarusha aitwaye Lomayani, aniwekee betri. Alikuwa juu ya ngazi Aika alipoingia, akanyoosha kidole, nikamchoma, akaondoka zake akilalamika kwamba sindano zangu ni butu.

"Mzee," Lomayani akauliza kutoka juu, "huyu anakuja mara ngapi?"

"Damu ikiisha."

"Basi hii betri itahitaji kuangaliwaangaliwa."

Aliiangalia mpaka ikaona haya. Aika alimweleza ugonjwa wake mapema, siku ya kwanza alipomnunulia soda, kabla soda haijaisha, na yeye akasema anayemtaka ni Aika, hakuja kuchagua chembe za damu. Mambo yakaenda mpaka yakafika kwa Mzee Saning'o, baba mdogo wa Lomayani, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Mzee huyu ana ng'ombe Kisongo, ni mzee wa kanisa, na hana mchezo. Msimfikirie vibaya. Alipokuwa kijana alimzika mtoto wa dada yake, mtoto aliyelia mifupa miaka yote aliyoishi, wakati ambapo hakuna aliyejua jina la ugonjwa ule. Kwa hiyo alitoa neno moja tu: Lomayani apimwe. Kama naye amebeba, hakuna harusi. Na asipimwe kwa Kaaya, kwa sababu Kaaya ni mtu wa nyumba ya akina Aika.

Hapo alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema hivyohivyo.

Wakampima kwenye zahanati moja mjini, kwa njia ya mistari. Mistari ikapotea. Jibu: anayo.

Aika alikuja kwangu Ijumaa asubuhi. Hakukaa. Lomayani alisimama nyuma yake, ananuka moshi wa kuni.

"Mzee, SS na AS ni nusu kwa nusu, siyo?"

"Ndiyo."

"Baba mdogo amesema Jumapili baada ya ibada wazee wanakwenda Moshono kurudisha neno, posa ivunjwe. Na mimi nimekubali. Siwezi kuzaa mtoto nimfundishe kulia kama nilivyolia mimi. Nilitaka tu nisikie kwako, usije ukaniambia baadaye kwamba nilikosea hesabu."

Lomayani akasema, "Mimi sijakubali."

"Wewe hujawahi kuumwa," Aika akamjibu. "Nyamaza."

Nilimkalisha kijana, nikamfunga mkono, nikatoa damu, chupa mbili. Wakati nakaza kifuniko cha chupa nikauliza maswali yangu, kama ninavyomuuliza kila mtu. Umeongezewa damu? Hajawahi. Umekula nini?

"Nyama."

"Na nini?"

"Nyama, mzee. Nilikuwa orpul."

Kwa wale msiotoka huku: orpul ni kambi ya nyama. Wanaume wanapanda msituni, kwetu ni huku ubavuni mwa Meru, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka miili irudi na nguvu. Ugali haupandi huko, wala mchicha. Wa rika la Lomayani walimpeleka kumwandaa kwa harusi. Mzee Saning'o alitoa kondoo mnono, na alipokuwa na haraka ya kipimo akamfuata kijana kulekule, akamteremsha jana jioni moja kwa moja hadi zahanati.

"Na mafuta ya kondoo?" nikauliza.

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nilikuwa nakunywa kwa kikombe. Walisema bwana harusi haachi tone."

Nikaisimamisha chupa kwenye kishikio, tukangoja. Chembe zikashuka taratibu. Juu yake plazma ikabaki nyeupe, nzito, kama mtu amenimiminia maziwa. Nikasikia sauti ya Bi Zuwena sikioni: itazame uso.

Nikafanya kipimo cha mistari mbele yao kwa damu hiyo kama ilivyo. Mistari ikapotea. Aika akageuza uso. Nikamwambia asiende. Nikachukua chembe zilezile, nikazisafisha kwa maji ya chumvi, nikamwaga ule weupe, nikasafisha tena, kisha nikazipima upya. Mistari ikaonekana.

"Kipi cha kweli?" Lomayani akauliza.

"Ukungu wa mafuta na ukungu wa siko seli, kadi haijui tofauti yake. Zahanati hawakukosea kuona. Walikosa kukuuliza umekula nini." Nikawaambia utepe ndio utakaosema, lakini sitaupitisha bila Mzee Saning'o. Kama ningetoa jibu zuri peke yangu, angesema Kaaya amewapikia, na angekuwa na haki tena. "Mlete kesho asubuhi," nikamwambia Lomayani. Chupa yake nyingine nikaiweka kwenye friji, wima, nikafunga mlango. Aika alikwenda kibandani kwa mama yake, na mchana kutwa sikuisikia cherehani.

Jumamosi Mzee Saning'o alifika na fimbo yake, koti zito na sura ya mtu aliyekuja kununua ng'ombe mwenye kasoro. Mama Aika na binti yake walikaa upande wa pili wa chumba.

"Shikamoo, baba," Aika akasema.

"Marahaba, mwanangu." Akanigeukia. "Kaaya, nimekuja kwa heshima. Lakini watu wanasema wewe ni wa diploma."

"Ni kweli, mimi ni wa diploma," nikasema. "Nimeitundika ukutani pale, isome. Sasa njoo utazame kitu ambacho unakijua kuliko mimi."

Nikafungua friji, nikampa ile chupa. Yale maziwa ya jana yalikuwa yametengana. Juu kabisa, kwenye baridi, kulikuwa kumeganda tabaka jeupe, nene. Mzee aliinua chupa dirishani. Akaizungusha. Mtu aliyekamua na kuchinja maisha yake yote hahitaji kufundishwa anachokiona.

"Haya ni mafuta," akasema.

"Ya nani?"

Akatazama tena, kisha akamtazama Lomayani. "Ya yule kondoo wangu."

Mama Aika alicheka kwanza, halafu akajiziba mdomo kwa kitenge. Lakini mzee hakucheka. Aliniwekea chupa mezani.

"Sawa. Mafuta yamesema uongo. Chini ya mafuta kuna nini? Kwetu damu hiyo ilikuwepo. Nimeizika kwa mikono yangu."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na nikampenda kwa kuliuliza. Mistari kuonekana baada ya kusafisha ilinipa matumaini, lakini jibu la maisha ya watu halitolewi kwa matumaini. Nikamwomba asogeze kiti. Nikaandaa utepe huku nikimtajia kila tone. "Hili ni langu, mimi sina kitu. Hili la Mama Aika, mbebaji. Hili la Aika mwenyewe. Na hili la kijana wako, limesafishwa, halina kondoo." Nikawasha umeme. Dakika chache baadaye ukakatika mtaa mzima, redio ya jirani ikanyamaza, ila mashine yangu ikaendelea kuunguruma.

"Nani aliweka hiyo betri?" mzee akauliza.

"Mimi, baba," Lomayani akasema.

"Hmm."

Kungoja utepe ni kazi ngumu kuliko kuupima. Aika alikunywa maji yake yote, akasahau, akawa anakunywa chupa tupu. Mama yake alikuwa akikunja pindo la kitenge, anakunja na kukunjua. Nilipouzamisha utepe kwenye rangi nyekundu na kuusafisha, niliuweka juu ya karatasi nyeupe mbele ya Mzee Saning'o, nikarudi nyuma. Nilitaka asome mwenyewe.

Akaweka kidole. "Huyu ni wewe, mbele. Huyu ni mama, huku na huku. Huyu ni binti, nyuma." Kidole kikafika mwisho, kikatulia. Alama ilikuwa moja. "Kijana amesimama na wewe."

"Amesimama na mimi. Hana."

"Kwa hiyo watoto?"

"Wote watakuwa wabebaji kama Mama Aika. Nao wakikua watapima wachumba wao. Lakini hakuna atakayeumwa."

Mzee akamtazama Mama Aika kwa muda, kama anamthaminisha.

"Tazama vizuri," Mama Aika akamwambia. "Ndiyo, ni mimi. Nimebeba hiyo kitu tangu nizaliwe, na gunia la vitambaa nabeba juu yake. Umeniona nimelala?"

Hapo ndipo Mzee Saning'o alipocheka, na akicheka yule, friji inatikisika. Hata hivyo mimi sikumaliza. Nikamwambia Lomayani ale chakula cha watu wa kawaida kwa siku kadhaa, arudi, na damu yake ya pili nikaipeleka hospitali kubwa yenye mashine ya kisasa, ithibitishe na pia itazame thalasemia, jamaa mwingine wa damu ambaye utepe wangu ungeweza kumpita. Mzee alikubali kungoja. Jumapili wazee walikwenda Moshono kama walivyopanga, ila walikwenda kunywa chai.

Siku hizi mna kadi za kupima kwa tone moja, zinajibu kama za malaria, na kuna mashine za kusoma maagizo ya kurithi yenyewe, herufi kwa herufi. Nafurahi. Zitumieni. Lakini hakuna kati ya hizo itakayomuuliza mtu alikuwa wapi juzi na alikunywa nini. Hiyo kazi bado ni yenu, na kama hamuitaki, acheni maabara mkauze vipuri.

Jibu la hospitali lilirudi likikubaliana na utepe wangu mpaka mwisho, na thalasemia haikuwepo. Nilivaa koti langu la Muscat, nikapanda Moshono. Nilimkuta Mama Aika uani anakata kitambaa cha gauni, Aika anashika upande mmoja, Lomayani ameambiwa ashike wa pili na anashika vibaya. Niliwasomea jibu. Kisha nikatoa ule utepe, niliokuwa nimeukausha na kuubandika kwenye kadi ngumu, nikampa Aika.

"Deni lako hilo."

Aliutazama kwa muda mrefu: alama yake nyuma, na kando yake alama ya Lomayani mbele. "Mzee, hili ni deni lenyewe au ni riba?"

"Ni vyote. Nimemaliza."

"Na mimi je?" Mama Aika akauliza, mkasi mkononi. "Au mimi nimekopesha bure?"

"Wewe nimekulipa wajukuu ambao hutakesha nao wakilia mifupa."

Aliweka mkasi chini, akaingia jikoni, na tukamsikia akipangua sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa. Aika akafuta uso kwa kile kitambaa cha gauni, akakumbuka ni cha nini, akakiachia haraka.

"Haya," akasema, sauti yake ikirudi kwenye ukali wake. "Hatukudai tena, hutudai. Jumatatu ukiishiwa utakopa kwa nani?"

Lomayani akaacha upande wake wa kitambaa, akakunja mkono wa shati. "Chukua kwangu, mzee. Mimi na wewe si tumesimama pamoja?"

"Wewe," nikamwambia, "shusha hilo shati. Sikugusi mpaka nyama ya harusi iishe."